Nilivyokataa Kuuza Redio Isiyo Yangu

Jumatano, Ng'ambo, Tabora.

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu. Mvua zimechelewa, vumbi limeingia mpaka ndani ya sanduku la nguo, na mimi nimekaa barazani mbele ya cherehani yangu bila kuigusa. Kuna gauni la mteja hapa, limekatwa, linasubiri kushonwa. Lisubiri.

Nimerudi jana kwa treni ya Kigoma. Mikono mitupu. Kichwa ndicho kilichorudi kimejaa, na hata sijui kimejaa nini.

Nimechanganyikiwa. Acha niandike, huenda nikiona maneno yamekaa kwenye mstari nitajua nilipokosea.

Mama yangu anapoteza masikio. La kulia lilikwenda zamani, la kushoto linafuata polepole. Ukitaka akusikie unainama, unaweka mdomo karibu kabisa na sikio la kushoto, unasema taratibu. Ukipaza sauti anasema unamgombeza. Daktari amemwambia wazi kwamba lililokwenda halirudi, na hili lililobaki hakuna ajuaye litakaa mpaka lini. Mama alipoambiwa hivyo aliuliza swali moja tu: "Litasubiri nimsikie mjukuu wangu?" Daktari akaangalia chini.

Mjukuu mwenyewe yuko Maskati. Ni mtoto wa kaka yangu Nasoro, ambaye aliondoka miaka ile wengi wa ukoo wa marehemu baba walipokuwa wakiondoka, duka letu likiwa limebakiwa na rafu na mizani. Ameoa huko, na sasa amepata binti. Barua anaandika, lakini mama barua hazimtoshi. Anasema karatasi haina pumzi. Basi miezi kadhaa iliyopita Nasoro akafanya kama wanavyofanya watu wa huko siku hizi: akanunua kanda tupu, akazungumza humo, akamsogeza mtoto naye atoe sauti, kisha akampa mtu aliyekuwa anakuja Dar es Salaam. Kanda ikafika Tabora imefungwa kwenye leso. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga yake, na tangu siku hiyo analala nayo.

Lakini kanda bila mashine ni kipande cha plastiki.

Redio tunayo, ile ya mbao ya marehemu baba, nayo haina mahali pa kuingiza kanda. Redio kaseti katika mji huu ni za kutafuta kwa tochi. Afisa mmoja alikuwa nayo, akahamishiwa Dodoma na redio yake. Kuna ya baa, na mama aliposikia neno baa alinikata jicho ambalo sitalisahau. Na kuna ya fundi mmoja mtaa wa pili, ambayo ilitafuna kanda ya harusi ya watu mpaka ikatoka kama utumbo wa kuku. Mama akasema mjukuu wake hatafunwi. Maduka ya ushirika nayo nisiyaseme. Ukikuta sabuni unashukuru Mungu, utaulizaje redio?

Ndipo mama mdogo Mwajuma, mdogo wake mama aliyeolewa ng'ambo ya ziwa tangu mimi sijazaliwa, alipoleta salamu kwamba huko kwao Kalemie redio kaseti zipo madukani, njoo na pesa yako.

Pesa yangu ni ya hapa, na kuvuka nayo mpakani ni kesi. Lakini asali ya Tabora inatamanika kila mahali. Nikajikusanyia madebe ya asali kutoka kwa wafuga nyuki wa msituni, nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikapata barua, barua ikanipatia kibali, na kibali kikasema ninakwenda kuwaona ndugu. Forodhani Kigoma nikasema asali ni zawadi ya mama mdogo. Ilikuwa kweli nusu. Hiyo nusu nyingine ilinikaa rohoni safari nzima, na nadhani ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mama alinifungulia pindo la kanga mwenyewe. "Nenda nayo," akasema. "Uijaribu huko huko dukani, usije ukaniletea mashine bubu." Nilijua alivyojikaza. Alishikilia mkono wangu pamoja na kanda mpaka treni ilipopiga honi.

Sitaeleza Urambo wala Kaliua wala Uvinza, treni ni ile ile na joto ni lile lile. Meli ilinitapisha. Kalemie nilifika nimelegea, mama mdogo akanipokea na samaki, migebuka ya kukaanga, na tangu kumwona nikajisikia niko nyumbani. Anacheka kama mama. Na kila mtu mjini anazungumza Kiswahili! Kimepindapinda, wanasema "njo vile" pale ambapo sisi tungesema "ndivyo", lakini ni Kiswahili. Nikajiambia, Salma, una bahati, ungekwenda nchi nyingine ungezungumza kwa vidole.

Laiti ningezungumza kwa vidole.

Mama mdogo anauza maandazi bandarini, kwa hiyo mchana nilibaki peke yangu uani na madebe yangu. Alikuwa ametangaza kwa majirani kwamba asali ya Tabora imefika. Siku ya kwanza akaja mama mmoja mnene, ameshika chupa tupu, akasalimia vizuri, akasema, "Mama, nauza asali."

Mimi nina mdomo mwepesi. Nikamjibu, "Hata sisi tunauza, mama. Jaribu nyumba nyingine."

Akaniangalia, akaiangalia chupa yake, akaondoka. Baada yake akaja mwingine: anauza asali. Kisha mzee mmoja, naye anauza asali. Wote niliwarudisha kwa adabu. Jioni nikamwambia mama mdogo kwamba katika mji huu kila mtu anauza asali, sasa sisi tutamuuzia nani? Akashika kiuno. Akasema ni ajabu, maana yeye anavyojua asali huku inapatikana kwa shida. Tukashangaa sote wawili, tukala ugali, tukalala.

Siku iliyofuata hakwenda bandarini. Alikaa na madebe mwenyewe, na mimi nikaenda kutafuta redio. Niliporudi debe la kwanza lilikuwa limekwisha. Nikasema mama mdogo ana nyota ya biashara.

Redio niliipata kesho yake kwenye duka la Papa Ilunga, karibu na stesheni. Huko mwanamume mtu mzima anaitwa Papa, mama mdogo alikuwa amenifundisha. Ni mtu mpole, mrefu, amevaa kofia ya sufu hata kwenye jua. Redio ilikuwa rafu ya juu, ya spika mbili, ina mpini wa kubebea na kitufe chekundu cha kurekodia. Nikamwamkia, nikauliza kwa heshima zote, "Papa, unauza redio hii?"

Akaniangalia. Akageuka akaiangalia redio. Akacheka.

"Mimi? Mimi niko nayo tayari, mama."

Nilidhani ni maringo. Nikasema moyoni, huyu ni wale wanaoweka kitu rafuni ili wakutambie. Nikanyoosha kidole, nikauliza bei. Hapo tukaelewana. Bei ilikuwa ya kutisha, zaire nyingi, hiyo ndiyo pesa yao, lakini nilipiga hesabu ya madebe nikaona nitafika.

Akaishusha, akaipangusa vumbi, akaingiza kanda ya mama.

Nilisema najaribu kidogo tu. Nisikie kama inazunguka, nizime, nimwachie mwenyewe akaisikie yote. Lakini Nasoro akasema, "Mama, shikamoo," na mimi nikakaa chini kwenye gunia la chumvi la watu. Sijamsikia kaka yangu tangu alipopanda treni. Sauti imekuwa nzito kidogo, ulimi umeanza kuchukua Uarabu wa huko, lakini ni yeye, hata kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Akaeleza nyumba yao, joto lao, mkewe. Kisha kukawa na mkwaruzo, na mtoto akalia.

Sikuzima. Nilisikiliza mpaka mwisho. Papa Ilunga alivua kofia yake akaishika mikononi, na mteja aliyekuwa akitaka kiberiti akasimama kimya mlangoni. Wote tulimsikia mjukuu wa mama yangu kabla ya mama yangu.

Niliona aibu, na nilifurahi, vyote pamoja.

Nikamwachia Papa Ilunga pesa ya debe la kwanza, akaifunga kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kopo. Nikamweleza kwamba iliyobaki italetwa na asali. Akaniuliza, "Utauza kweli, mama?"

Niliona ananihurumia kuhusu asali yangu. Nikasema, "Nitauza, Papa, Mungu akipenda. Nikishauza tu nakuja."

"Aksanti," akasema, na akarudisha redio rafuni.

Siku zikapita. Mama mdogo akikaa na madebe, asali inakwenda. Nikikaa mimi, haiendi. Nilianza kuamini nina mkosi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, siku ninayoirudia kichwani mpaka kichwa kinauma. Mama mdogo alikuwa bandarini. Asali ilikuwa imekwisha usiku wa kuamkia siku hiyo, pesa yote imetimia, na nilikuwa nimejipanga kwenda dukani kesho yake asubuhi baada ya kufua, nikiwa msafi, nikachukue mali yangu niende moja kwa moja kwenye meli. Nikiwa na povu mpaka viwikoni, Papa Ilunga akaingia uani. Akavua kofia. Akachuchumaa mbali kidogo kama mtu mwenye heshima zake.

"Mama, ile redio," akasema, "bado unauza?"

Mikono ikasimama ndani ya beseni.

"Kuko mtu mwingine anataka kuuza," akaendelea. "Njo nimekuja kukuuliza wewe mbele."

Mtu ambaye hajaishi kwetu hataelewa ni nini kilinipanda. Kwetu sasa hivi neno baya kuliko matusi ni mlanguzi. Ukinunua kitu mahali ukakiuza pengine kwa faida ya haraka, wewe ni mlanguzi, mnyonyaji, adui wa wananchi, na mkutano wa mtaa utaitwa kwa ajili yako. Jirani yetu alikutwa na sabuni chini ya kitanda, sabuni zikachukuliwa, na mpaka leo watoto wanamwimbia. Na mimi, mjukuu wa Waarabu wa madukani, nina kibali kinachosema nakwenda kuwaona ndugu, na forodhani nilisema zawadi. Nikajua tu: wamenifuatilia. Huyu ametumwa kunipima. Anataka nikiri kwamba naichukua redio kwenda kuiuza Tabora, na kuna mwenzangu mwingine ameshakamatwa, "anataka kuuza" naye.

Nikainuka na povu langu.

"Siuzi!" nikasema. "Papa, nakwambia mbele ya Mungu, siuzi! Sijawahi kuuza na sitauza, hata kwa dawa! Mimi si mlanguzi!"

Akashtuka. "Hauuzi, mama?"

"Siuzi!"

"Hata ile sauti ya mtoto..."

"Hiyo ndiyo usiseme kabisa! Hiyo ni ya mama yangu!"

Uso wake ulikuwa na huzuni, na mimi nikaisoma kuwa ni aibu ya kunishuku. Akainuka, akavaa kofia. "Njo vile," akasema. "Aksanti kwa kusema kweli." Akatoka polepole, na mimi nikarudi kwenye nguo zangu nikijipongeza. Nilimaliza kufua nikiimba!

Kesho yake nilifika dukani nimevaa vizuri, pesa kifuani. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Pale ilipokuwa redio palikuwa na mraba usio na vumbi.

Papa Ilunga akafungua kopo, akatoa karatasi yangu na pesa yangu yote ndani yake, haijaguswa, akanipa kwa mikono miwili.

"Redio iko wapi?"

"Yule mtu amekwisha kuiuza, mama. Ameenda nayo na treni ya jana."

"Kamuuzia nani? Kwa nini aiuze? Ni yangu!"

"Lakini wewe ulisema hauuzi."

"Ndiyo, siuzi! Sitaiuza! Nataka niwe nayo!"

"Basi, mama, kama ulitaka kuwa nayo, ungeuza!"

Tulikwenda hivyo, sauti zikipanda, kila mmoja akiona mwenzake ana kichaa. Watu wakajaa. Kila mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba kwa kweli mtu asiyeuza hawezi kupewa redio. Nilihisi nimo ndani ya ndoto zile ambazo unasema maneno yanatoka mengine. Nilishika meza. Nililia, sikujali nani ananiona.

Mtu akakimbia kumwita mama mdogo bandarini. Alikuja na unga mikononi, akasikiliza upande wa Papa Ilunga, akasikiliza wangu, na nikaona uso wake unabadilika katikati ya maneno. Akaketi kwenye lile gunia la chumvi.

"Mwanangu," akasema. "Huku kuuza ni kununua. Anayetoa mali, huyo anauzisha."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kama kuna mtu angecheka ningempiga.

Mama mdogo alianza kujilaumu. Alisema amekaa huku muda mrefu mno, hata hasikii tena tofauti, akiwa na wao anasema hivi, akiwa na mimi anasema vile, na hakuwaza kabisa. Papa Ilunga alipoelezwa akashika kichwa. Alitaka kunipa redio ndogo ya betri isiyo na kanda, kwa bei ya chini. Nikamshukuru, nikakataa. Alisema labda kutakuja nyingine, hajui lini. Kibali changu kilikuwa kinakwisha, na meli ilikuwa bandarini.

Kwenye meli ndipo nilipowakumbuka wale wa asali. Mama mnene na chupa yake tupu! Nilimfukuza mnunuzi mlangoni, kisha nikalalamika hakuna wanunuzi.

Pesa nimeiacha kwa mama mdogo, maana zaire Tabora ni karatasi ya kufungia karanga, na nikienda nayo benki wataniuliza nimeipata wapi. Nilimwambia, "Mama mdogo, ikija nyingine, uiuze haraka." Akaniuliza, "Kwa Kiswahili gani?" Hapo tu ndipo tulipocheka, tukiwa tumeshikana, honi ya meli ikilia.

Kinachonichanganya ni kwamba sina wa kumkasirikia. Papa Ilunga alikuwa mwaminifu kuliko wafanyabiashara wote ninaowajua, marehemu baba yangu akiwemo. Alifunga safari kuja kuniuliza kabla ya kumpa mtu mwingine. Na mimi je? Nilisema kweli tupu. Siuzi! Kila neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa kweli, na kila neno lilikwenda kuniumiza.

Na lugha yenyewe ni yetu! Babu yake mama aliifuata njia hii ya misafara kwa miguu, mzigo begani, Tabora mpaka Ujiji, akavuka ziwa. Watu kama yeye ndio waliokipeleka Kiswahili huko, pamoja na shanga na nguo. Sasa nani aligeuza? Wao, au sisi tuliobaki? Nimewaza hivyo tangu Uvinza mpaka stesheni ya Tabora. Labda hata babu mwenyewe alipofika huko aliuza alichotaka kununua.

Basi jana.

Mama alikuwa amekaa hapa hapa barazani. Aliangalia mikono yangu kwanza, kabla ya uso. Nikaweka mkoba chini, nikamwamkia, nikainama kwenye sikio la kushoto nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, tangu asali. Ilichukua muda. Nilipofika kwenye "Siuzi, mimi si mlanguzi," mama alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akasema nimerithi mdomo wa baba yangu. Nami nikacheka kwa nafuu. Nikadhani limekwisha.

Nikamrudishia kanda. Aliipokea, akaigeuza geuza, hakuifunga kwenye pindo. Aliiweka mapajani.

"Kwa hiyo wewe umemsikia," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Niliogopa atanikasirikia, na nilitamani anikasirikie. Badala yake akajisogeza kwenye mkeka, akanipa nafasi, akainamisha kichwa upande wa kulia ili sikio la kushoto liwe juu.

"Sema," akasema.

Nikasema nini mimi? Nikaweka mdomo sikioni mwake, nikasafisha koo kwanza kama anavyosafisha Nasoro, nikasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," akajibu mama. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hakuwa akinijibu mimi. Nilijua. Mimi hajaniita baba hata siku moja. Nikaendelea. Nikamweleza nyumba, joto, mke, kila nilichokumbuka, na nisichokumbuka nikakiruka, na mama akawa anaitikia, "Eeh. Alhamdulillahi. Eeh." Nilikuwa na wivu kidogo, nakiri. Mimi niko hapa kila siku, namwita mara nyingi hanisikii, na huyu aliye mbali kwa meli na meli anaitikiwa kila sentensi kwa mdomo wangu.

"Na mtoto?" akasema. "Analiaje?"

Jua lilikuwa bado kali, watu wanapita njiani, mteja wangu wa gauni anakuja kule na mwavuli wake. Mimi ni mtu mzima. Lakini nilikuwa nimeshasikiliza kilio kile nikiwa nimekaa kwenye gunia la chumvi la watu, na nilikijua: kinaanza chini kwa kukwama kwama kama mtu anayekataa jambo, kinakatika, kisha kinapanda.

Nikalia kama yeye. Mdomo umegusa sikio la mama. Nikakwama, nikakatika, nikapanda.

Mama akafumba macho.

"Ana njaa huyo," akasema. "Mpeni ziwa."

Nilipaswa kunyamaza hapo, maana kwenye kanda mtoto ananyamaza, Nasoro anacheka na kuaga. Sikunyamaza. Kilio kilikuwa kimeshanishika, cha redio, cha baba, cha meli, cha miaka yote hii ya kusema na mama bila kusikiwa, nacho hakikuwa cha kuiga tena. Sijui kilibadilika wapi. Mama hakufungua macho. Alinyoosha mkono akaanza kunipigapiga mgongoni, taratibu, vile anavyobembelezwa mtoto mchanga, huku akisema, "Basi, mama, basi. Nakusikia."

Nakusikia.

Leo tangu asubuhi nataka kwenda kumuuliza alikuwa akimbembeleza nani. Sijaenda. Yuko ndani, nasikia anahangaika na vyombo. Kama atasema alikuwa akimbembeleza mjukuu, nitafurahi, maana hilo ndilo nililolifuata Kalemie. Nitafurahi kweli?